Kitanda cha Chini

Daktari wa maiti alivua glavu, akazitupa kwenye pipa, akanawa mikono mara mbili kabla ya kutamka neno. Inspekta alimngoja. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minane, na alijua kwamba mzee huyu akinawa mara moja amepata jibu. Akinawa mara mbili hana.

"Moyo mzima," daktari alisema hatimaye. "Ubongo haukuvuja damu. Mapafu yana maji kidogo, lakini hayo hayaniambii kitu. Shingoni hakuna alama, kucha safi, mdomo safi. Tumboni nimekuta chai na biskuti."

"Na ndani ya chai?"

"Dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi. Tuseme kidonge kimoja. Ukimpa mbuzi atapiga miayo tu."

"Basi nini kimemuua?"

"Mimi husoma kilichoandikwa, na hapa hakuna kilichoandikwa. Mama wa miaka hamsini na miwili, mwenye afya ya kuonewa wivu, kalala akasahau kupumua." Alijikausha mikono taratibu. "Kampuni yake imenipigia simu mara tatu tangu asubuhi. Wanataka niandike kifo cha kawaida kabla ya saa sita."

"Andika bado."

"Bado si sababu ya kifo."

"Kwa leo iwe."

Kituoni walimwita Inspekta mbele yake na Sindano akiwapa mgongo, kwa sababu alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kuingilia mahali padogo na kutokea upande wa pili na uzi mrefu. Alilijua jina hilo, na hakuwahi kulikataza.

Nje ya chumba cha maiti, mume wa marehemu alikuwa amesimama ukutani ingawa benchi zima lilikuwa tupu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alisimama kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mkononi alishika bahasha ya kampuni ya ndege.

"Wameniandikia barua ya pole," alisema. "Umri wake wameukosea."

"Pole sana, Mwalimu."

"Miaka thelathini mke wangu amefanya kazi angani, mama. Siku ya kufa kwake ndiyo siku ya kwanza kusikia ana moyo mbovu. Wananiambia nizike kesho, gharama zote juu yao." Aliikunja bahasha mara mbili. "Nikizika kesho nitakuwa nimezika swali. Na swali haliozi."

Inspekta hakumwahidi kitu. Alichukua namba yake ya simu, akampa mkono, akaondoka.

*

Hadi jana, marehemu alikuwa kiongozi wa wahudumu kwenye ndege mpya ya kampuni. Wote walimwita Dada Mkuu, hata marubani waliomzidi umri. Ndege yenyewe ilikuwa na wiki tatu tu tangu ianze kazi, na mji mzima ulikuwa umejaa mabango yake. Safari tatu mpya za masafa marefu, bila kutua popote njiani. Iliyo ndefu kuliko zote ilichukua saa kumi na nne. Viti vilivyolazwa vikawa vitanda. Taa zilizobadilika rangi polepole ili abiria asijue jua lilichwea saa ngapi. Chini ya kila bango yaliandikwa maneno mawili: *Safiri kimya*.

Jana, saa nne kabla ya kutua nyumbani, Dada Mkuu alikabidhi zamu, akateremka kwenye chumba cha kulala wahudumu, akajilaza. Alipoamshwa kabla ya kutua hakuamka.

Meneja wa huduma aliwapokea Inspekta na Koplo wake kwenye ngazi ya ndege. Alikuwa mtu wa suti iliyomkaa, mwenye sauti ya taratibu na tabia ya kutazama saa bila kuinamisha kichwa. Koplo, ambaye alibakiza miezi saba kustaafu na hajawahi kupanda ndege, alipangusa viatu vyake mara tatu kabla ya kuingia.

"Nawaomba tu jambo moja," meneja alisema. "Ndege inaondoka saa kumi alasiri. Imejaa. Humo kuna waandishi wawili wanaokuja kutupima ubora, kiti kwa kiti, sahani kwa sahani. Nawapa ushirikiano wote, ila saa zenu zihesabuni."

Akawapitisha daraja la kwanza. Kila kiti kilikuwa na kijumba chake, mlango wake na blanketi lake la sufi. Meneja alisimama katikati ya njia, akainua kidole.

"Sikilizeni."

Walisikiliza. Hewa baridi ilishuka kutoka matundu ya juu, ikawapuliza shingoni.

"Mimi sisikii kitu," Koplo alisema.

"Hicho usichokisikia ndicho tunachouza." Meneja alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka msiba akaliondoa tabasamu. "Inspekta, sipendi kumsema mtu. Ila mngeuliza wangewaambia. Kuna mhudumu mmoja, tunamwita Kasuku kwa sababu anasema lugha tano. Siku nne zilizopita aligombana na marehemu mbele ya watu. Na ndiye aliyempelekea chai. Na ndiye aliyelala naye chumba kimoja."

"Mmeshamhoji?"

"Tumemsimamisha kazi. Yupo ofisini, anawangoja."

"Naona mmenirahisishia," Inspekta alisema. "Tuoneshe chumba kwanza."

Chumba kilikuwa chini ya sakafu, chini kabisa ya vile viti vya daraja la kwanza. Meneja aliinua mlango wa sakafuni, ikaonekana ngazi nyembamba ya chuma. Inspekta na Koplo waliteremka. Meneja alibaki juu, akisema suti yake haipendi vumbi. Huko chini dari iligusa nywele. Kulikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, pazia zito, taa ndogo ya kusomea, na ukimya kuliko hata ule wa juu.

Inspekta alijilaza kitanda cha chini, chali, mikono kifuani, jinsi walivyomkuta marehemu. Godoro lilikuwa kiasi cha shibiri mbili kutoka sakafuni. Akageuka ubavu, akainua blanketi lililoning'inia, akawasha tochi uvunguni.

"Koplo, njoo uone."

Sakafu ya mpira ilikuwa nyeusi kote, isipokuwa mahali panne. Pale palikuwa na miraba minne iliyopauka, imejipanga kama vigae, kila mmoja sawa na boksi la viatu vya mtoto. Koplo alipitisha kidole. Mpira ulikuwa umekakamaa na kupasuka vipasuko vidogo vidogo.

"Pameungua," alisema.

"Hapana harufu ya moto wala masizi. Piga picha, upime." Inspekta aliinuka, akatazama dari. Palikuwa na tundu la hewa, sawa na yale ya juu. Alichomoa karatasi laini mfukoni, akaichana kipande chembamba, akakishika mbele ya tundu.

Kipande kilining'inia, hakikutikisika.

"Meneja!" aliita. "Hewa ya huku inaingilia wapi?"

"Ndege ikiwa imeegeshwa haiingii," sauti ilijibu kutoka juu.

Inspekta na Koplo walitazamana. Hapo juu, shingo zao zilikuwa zimepulizwa si dakika kumi zilizopita. Koplo aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

*

Kasuku alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, macho yamevimba, sare bado mwilini tangu jana. Inspekta hakukaa ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akaketi kando yake.

"Nimemuua," binti alisema kabla ya kuulizwa.

Koplo aliacha kuandika.

"Umemuuaje, mwanangu?"

"Nilimwekea kidonge kwenye chai. Dawa yangu ya mafua. Alikuwa hajalala siku mbili, mama, macho mekundu, anatembeatembea tu. Nikasema nikimwambia ameze atakataa. Nikakisaga." Akaanza kulia tena. "Niliona usingizi utamsaidia."

"Kidonge kimoja?"

"Kimoja. Wallahi kimoja."

"Kidonge kimoja hakikumuua. Daktari ameshasema, na daktari huyo hanunuliki." Inspekta alingoja mpaka binti akapenga kamasi. "Sasa nieleze ugomvi."

Kasuku alieleza. Tangu ndege mpya ianze, kila akishuka safari ndefu kichwa kilimgonga kama ngoma, na mara ya pili alitapika. Dada Mkuu akamwita akamwambia aombe kurudi kwenye ndege za zamani. Kasuku akakataa, ndege mpya ndiyo yenye sifa, na aliona mama huyu ana kijicho. Wakapandishiana sauti. Mwisho Dada Mkuu alisema, mbele ya wahudumu kumi, "Nikiwa hai hutalala tena kwenye ndege hii!"

"Na bado alikupangia safari?"

"Ratiba hupangwa ofisini, si na yeye. Tena jana zamu ya kitanda cha chini ilikuwa yangu. Akaja akaniambia, panda juu wewe, mwanangu, mimi magoti yangu hayawezi ngazi."

"Ulipoamka ulijisikiaje?"

"Nilikuwa nahema. Kama mtu aliyekimbia mbio, na mimi nimelala. Nikateremka kumwamsha, nikainama..." Alisita. "Nilipoinama kizunguzungu kikanishika, miguu ikaisha nguvu, nikapiga magoti. Nikapanda ngazi kwa mikono kuita watu. Huko juu nikawa mzima. Nilidhani ni kwa kumwona vile."

"Ulipoinama," Inspekta alirudia.

"Ndiyo, mama."

Inspekta alitoka nje ya ofisi, akampigia simu mwalimu.

"Samahani, Mwalimu. Mke wako alikuwa na tatizo la magoti?"

"Magoti? Sisi tunakaa ghorofa ya sita, mama. Lifti ilikufa tangu mwaka juzi. Huwa ananipita kwenye ngazi na mifuko miwili, ananicheka." Kisha, taratibu, kama mtu anayerudia hesabu aliyokosea: "Alikuwa ananipita."

"Asante, Mwalimu."

"Kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu jana alimdanganya mtu," Inspekta alisema, "na nadhani lilikuwa jambo jema."

*

Karakana ilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira, na fundi wa zamu alikuwa mtu wa makamo mwenye penseli sikioni. Kusikia neno polisi alisimama wima. Kusikia chumba cha wahudumu aliketi.

"Nataka kitabu cha kasoro cha ndege mpya," Inspekta alisema.

"Kimefungiwa ofisi ya meneja, afande. Amekichukua jana hiyo hiyo."

"Kila ukurasa una nakala?"

Fundi aliutazama mlango. Kisha akaenda kabatini, akatoa faili la karatasi za rangi ya waridi zilizotobolewa pembeni. "Nakala hubaki kwetu. Nadhani hilo alilisahau. Yeye si mtu wa karakana."

Walizipanga mezani. Mwandiko wa Dada Mkuu ulikuwa wa duara, wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri akaendelea hivyo. Wiki ya kwanza aliandika kwamba jokofu la jiko la mbele limegoma. Jibu, kwa wino mwingine: *Kipuri kimeagizwa*. Wiki ya pili: *Chumba cha chini. Wahudumu watatu wameamka na maumivu makali ya kichwa. Wote walilala kitanda cha chini. Hewa pale ni nzito. Naomba ipimwe.* Jibu, na sahihi ya meneja wa huduma: *Imeshughulikiwa*. Siku tano baadaye aliandika tena maneno yale yale, akiongeza: *Haijashughulikiwa*. Jibu lilikuwa lile lile, na sahihi ile ile.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya juzi, imeandikwa kabla ya kuanza safari ya kurudi. Haikuwa na jibu.

*Nimepuuzwa mara mbili. Safari hii nitalala kitanda cha chini mwenyewe, niandike ninachokiona.*

Koplo alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Fundi," Inspekta alisema, "feni ya hewa ya kile chumba ilizimwa lini?"

"Wiki ya kwanza." Fundi alijibu akiitazama sakafu. "Inanguruma. Iko chini kabisa ya daraja la kwanza, na abiria wakubwa walilalamika. Meneja akaja na karatasi, izimwe kwa muda mpaka kipuri kije. Nikamwambia chumba bila feni hakifai kulaliwa. Akaniambia hakilaliwi, wataweka mablanketi tu. Nikaandika hivyo hivyo." Akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwepo: *Chumba hakitatumika kulala watu.* Sahihi mbili. "Mimi nina watoto, afande. Sikujua kama wanalala."

"Uliuliza?"

Fundi aliifunga droo. Penseli ilianguka kutoka sikioni, hakuiokota.

Inspekta aliziweka karatasi zote kwenye bahasha, akaandika saa. Ilikuwa saa saba na robo.

"Hewa iliyokaa tu haiui mtu kwa saa nne," Koplo alisema walipotoka. "Chumba kina upenyo, mlango haujazibwa. Wangeumwa kichwa, sawa. Lakini kufa? Na wa juu asife?"

"Ndiyo maana tunaenda jikoni. Jokofu limegoma wiki tatu, na wale wakubwa huko mbele bado wanakula samaki mbichi na vitamu vya barafu. Mtu akiniambia jiko halina moto na wali umeiva, nauliza kuni ziko wapi."

*

Waliokuwa wakipakia vyakula walikuwa wanawake watatu na gari moja refu. Kiongozi wao alifunga bandeji vidole viwili. Inspekta aliitazama bandeji kabla ya uso.

"Umeungua na nini, dada?"

"Barafu kavu, afande. Ukiigusa bila glavu inakula ngozi kama moto."

"Ile inayotoa moshi mweupe?"

"Hiyo hiyo. Haiyeyuki kuwa maji. Inageuka hewa, inapotea. Tangu jokofu liharibike, vyakula vya mbele tunavipanga kwenye maboksi yake."

"Mnayaweka wapi?"

"Jikoni hakuna nafasi. Manne yanawekwa chini, uvunguni mwa kitanda cha wahudumu." Alisema hivyo bila kusita, kama mtu asemaye sukari iko kabatini. "Meneja mwenyewe alitupeleka kutuonesha. Nilimuuliza, bosi, pale pana watu. Akasema pana feni kali, haina shida."

Koplo alikohoa.

"Na maboksi hayana maandishi yoyote?" Inspekta aliuliza.

Mpakiaji alianza kushusha sauti. "Yalikuwa na karatasi za njano. Akatuambia tuzibandue, wahudumu wasije wakaogopa bure. Moja ilining'ang'ania kwenye glavu, nikaibandika mlangoni mwa kabati langu. Mpaka leo ipo."

Ilikuwepo kweli, kati ya picha ya watoto wawili na kalenda. Inspekta aliisoma mara mbili. *Bidhaa hii hutoa hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hujikusanya chini. Usiiweke mahali wanapolala watu wala mahali pasipopitisha hewa.*

"Leo mmeshayapakia?"

"Tangu asubuhi, mlipoondoka tu. Meneja alitaka mapema."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Ita zimamoto. Waje na kipimo cha hewa, tena waje bila king'ora."

*

Saa nane na nusu ofisa wa zimamoto aliteremka kwenye mlango wa sakafuni akiwa amevaa mtungi wa hewa mgongoni. Mkononi alishika kifaa kidogo chenye kioo. Inspekta, Koplo na rubani mkuu wa safari ya alasiri walichungulia kutoka juu. Rubani alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Alikuja kukagua ndege yake kama kawaida, akakuta polisi wamepiga magoti sakafuni.

Ofisa alisimama wima na kukinyanyua kifaa usawa wa kifua. Kilikaa kimya. Akakishusha mpaka kiunoni; kikalia mlio mmoja, kikanyamaza, kikalia tena. Akainama taratibu, akakiweka juu ya mto wa kitanda cha chini.

Kifaa kilipiga kelele moja isiyokatika, ikajaza daraja la kwanza zima, lile lililotengenezwa ili pasisikike kitu.

"Maboksi yana saa ngapi humu?" ofisa aliuliza alipopanda juu na kuvua barakoa.

"Nne na ushei."

"Na ya jana yalikuwa yamekaa zaidi. Mtu akilala pale amechoka, hatakohoa wala hatashtuka. Atahema kidogo usingizini, basi. Wa kitanda cha juu ataamka na kichwa. Hewa hii ni kama maji, inajaza kuanzia chini."

Rubani mkuu alikuwa bado amepiga magoti. "Mlio huo ulikuwa juu ya mto?" aliuliza.

"Juu ya mto."

Meneja wa huduma alikuja mbio mbio kutoka mlango wa mbele, na kwa mara ya kwanza suti yake ilikuwa imejikunja. "Ni kelele gani hizi? Abiria wameanza kupanga foleni! Inspekta, una hati ya kuzuia ndege?"

"Sina."

"Basi naomba—"

"Kaa, Meneja."

Alikaa. Kiti cha daraja la kwanza kilimpokea taratibu, kikajirekebisha mgongoni mwake. Inspekta alisimama mbele yake, akaweka karatasi moja moja juu ya meza ndogo ya kulia chakula: ya kuzima feni, nakala za rangi ya waridi, ile ya njano.

"Fundi alijua feni imezimwa, hakujua kuna barafu, na ulimwambia hakuna watu. Wapakiaji walijua kuna barafu na watu. Uliwaambia feni ni kali. Wahudumu walijua wanaumwa tu, uliwaambia imeshughulikiwa. Kila mmoja ulimpa kipande. Aliyekuwa na vipande vyote ni mmoja."

"Sikutaka mtu afe."

"Hilo nakuamini."

"Ilikuwa wiki chache tu, mpaka vipuri vije. Mnajua kampuni ilivyokopa kununua ndege hii? Watu elfu mbili wanakula kwa ajili yake. Ningesema feni inanguruma na jokofu limekufa wiki ya kwanza, nani angepanda?" Aliishika karatasi ya njano pembeni, kwa ncha ya kidole. "Walikuwa wanaumwa kichwa tu."

"Watu watatu waliumwa. Wa nne alikuandikia mara mbili."

"Yeye alikuwa mlalamishi. Miaka yote. Chai ikipoa anaandika." Alisikia alichosema. Aliinamisha uso, na mikono yake, iliyokuwa imetulia tangu asubuhi, ikaanza kutafuta mahali pa kukaa. "Binti alimwekea dawa. Hilo mnalo. Alimwekea dawa."

"Alimwekea," Inspekta alisema. "Na wewe ulilijua hilo kabla yetu, ukamsimamisha, ukatuelekeza kwake. Mume wa marehemu ukampelekea barua. Koplo, mchukulie maelezo. Msomee haki zake kwanza, taratibu, asije akasema hakusikia."

Rubani mkuu alikuwa ameinuka. Alivua kofia, akapangusa vumbi la magotini kwa mkono, akaivaa tena. Kisha akachukua simu ya ukutani iliyo karibu na mlango.

"Hapa ni rubani mkuu," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Ndege hii haiendi popote. Warudisheni abiria ukumbini, muwape chai. Hapana. Hapana, sijali nani yumo." Akaikata simu, akamgeukia Inspekta. "Wahudumu wangu wapo chumba cha mkutano, wanangoja kupewa zamu. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

"Twende wote."

Chumba cha mkutano kilikuwa na viti vya plastiki na ubao mweupe. Wahudumu kumi na wawili walikuwa wameketi na mabegi yao miguuni, skafu zimefungwa, viatu vinang'aa. Wengi walikuwa wamefundishwa kazi na Dada Mkuu, na wawili walifunga kitambaa cheusi mkononi. Rubani alisema maneno machache akamwachia nafasi Inspekta.

Inspekta aliwaeleza kilichomuua. Alieleza bila kupamba wala kufupisha, feni, barafu, karatasi za njano. Alieleza kwamba marehemu aliandika mara mbili, kwamba mara ya tatu alikwenda kulala pale kwa hiari yake, na kwamba mwenzao wanayemwita Kasuku hana hatia na anahitaji mtu wa kumpeleka nyumbani. Mwanamke mmoja wa mbele aliziba mdomo kwa skafu. Mwingine alinyanyuka pale pale, akatoka kwenda kumtafuta Kasuku.

"Kwa ajili ya maelezo yangu," Inspekta alisema, akifungua daftari, "naomba kujua. Leo kitanda cha chini kilipangiwa nani?"

Walitazamana. Nyuma kabisa, mwanamume mmoja mwenye mvi chache aliinua mkono, nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu. Kisha binti aliyekaa dirishani akainua wake. Safari ilikuwa ya saa kumi na nne na zamu za kulala zilikuwa nne. Mkono wa tatu ukapanda, na baada ya muda, wa nne.

Inspekta aliwatazama mmoja mmoja, akaandika majina yao. Hakuna aliyeshusha mkono mpaka alipomaliza.